Sanduku Lisilojua Kujitaja

Mjukuu wangu Zuhura ameniambia niwaandikie ninyi wenzake mnaosoma kompyuta, kurasa chache kuhusu kazi niliyoifanya nilipokuwa na nguvu. Nikamuuliza, kazi ipi? Maana mimi niliacha shule darasa la nne nikaanza kuzurura. Nimevuna tumbaku Urambo, nimechoma mikate hapa Tabora mjini, nimerina asali msituni pamoja na watu walionicheka kila nyuki aliponiuma. Sehemu nyingi niliondoka kwa sababu nilikwisha kuona namna kitu kinavyokwenda, na nikiona namna kinavyokwenda usingizi unanishika. Akasema, "Ile ya ghalani, Babu. Ile ya kuandika lebo."

Basi ni hiyo. Goti linaniuma na macho yanachoka upesi, kwa hiyo nitaandika vipande vipande, navyo havitafuatana vizuri. Mnivumilie.

Sababu ya yeye kuikumbuka ile kazi ni hii. Siku moja alikuwa amekaa sebuleni na mashine yake, anavuta pumzi kama mtu aliyefiwa. Mimi nina tabia mbaya ya kuchungulia. Alikuwa anatengeneza programu ya kufuatilia vifurushi vinavyopelekwa na bodaboda, na alikuwa ameiamuru kompyuta imwonyeshe kifurushi kimoja. Kwenye kioo likatoka jina la aina ya kitu, kisha ile alama ya mkia uliojikunja, kisha herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu.

Nikamuuliza kile ni nini. Akasema ndicho kifurushi chenyewe, ila hajakifundisha kujitaja, kwa hiyo kompyuta inatoa jina la aina yake na namba tu. Namba ya nini? Akasema nichukulie ni kama namba ya mahali kilipowekwa, na akizima programu akaiwasha tena, namba nayo itakuwa nyingine.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Alidhani ninamcheka yeye. Hapana. Kile kitu nilikwisha kukiona, miaka ya Ujamaa, wakati wa masika, na kilikaribia kumnyima mama mmoja wa Lusu, kijiji cha njia ya Nzega, kitu pekee alichobakiwa nacho cha mwanawe.

Ghala lilikuwa karibu na reli, mali ya ushirika mmoja wa usafirishaji ambao umekwisha kufa na jina lake lisitusumbue. Mizigo ilishuka kwenye treni, ikaletwa kwetu kwa mikokoteni, nasi tukaipandisha kwenye malori ya Nzega, Igunga, Ziba na vijiji vya katikati. Mingine wenyewe waliifuata hapo hapo. Kila mzigo ulifungwa lebo ya karatasi ngumu, na maneno yale yale ya kwenye lebo yalitangulia kwa simu kwenda kwa wakala wa kule, mtu ambaye hajauona mzigo na hatauona mpaka lori lifike. Kwa hiyo kazi yetu, ukiivua nguo zote, ilikuwa moja: kuchukua kitu chenye uzito na harufu na kona za kukugonga muundi, ukakigeuza kuwa mstari wa maneno, na mtu wa mbali akisikia mstari ule akijue.

Aliyenifundisha ni Mzee Mrisho, mzaliwa wa mjini hapa, kofia ya mkono kichwani, tasbihi mfukoni, na ulimi mkali mkeka ukikunjwa vibaya. Babu yake alikuwa mpagazi katika ile njia ya misafara ya kwenda pwani. Mzee alikuwa akisema kwamba reli imetuondolea kazi ya kubeba, lakini haikutuondolea wajibu wa kujua tunachobeba.

Siku yangu ya kwanza alinipa baiskeli. Nikaandika "Baiskeli, moja," nikaona nimemaliza. Akaniita.

"Humu ghalani baiskeli ni hii tu?"

Nikamwambia zipo nyingi.

"Basi hapo umeandika aina. Sikukuuliza aina. Nataka hii, nikiiita gizani, ijibu yenyewe na nyingine zinyamaze."

Nikarudi kuitazama. Tandiko lake lilikuwa limeshonwa upya kwa ngozi ya ng'ombe, na kengele haikuwa na kifuniko. Nikaandika hivyo. Mzee akasoma, akaguna, akaniambia sasa imesema yenyewe, mimi nilikuwa karani wake tu.

Nilivyoelewa kwa Zuhura, hiyo ndiyo amri yenu ya toString. Kila aina ya kitu inarithi namna ya kujitaja kutoka kwa mkubwa wa vitu vyote, lakini ile ya kurithi ni ya kivivu, haijui baiskeli wala gunia. Lazima ukae na aina yako uiandikie namna yake. Baiskeli itaje tandiko, gunia litaje kilichomo na mshono wake, mzinga wa nyuki utaje alama aliyoichonga mwenyewe. Ukishafanya hivyo, anayesimama mlangoni hahitaji kujua nani ni nani. Anasema tu "jitajeni," na kila kimoja kinajibu kwa sauti yake.

Rahisi kuisema. Kuifanya ni jambo jingine. Tulikuwa na karani mwenzetu, Hamisi, mtu mwema, mvivu kama paka wa bucha. Siku moja alifunga lebo kwenye vyombo vya maharusi waliokuwa wanahamia Ziba. Kwenye kitanda akaandika "Kitanda, cha mwenye godoro." Kwenye godoro akaandika "Godoro, la mwenye kitanda." Akaenda kunywa chai. Wakala wa Ziba akapiga simu amechoka kabisa. Alisema amesoma godoro likampeleka kwenye kitanda, amesoma kitanda kikamrudisha kwenye godoro, na bibi harusi amekaa chini. Mzee Mrisho alichukua simu akamshauri asimame katikati mpaka kimoja kiseme ukweli. Zuhura anasema hata kompyuta huzunguka hivyo hivyo, kitu kinataja mwenzake na mwenzake anakitaja yeye, mpaka inajaa na kuanguka. Kwa hiyo msidhani mmeanza ninyi.

Na pale pa jina, ukikosa jina, usiandike chochote kinachofanana na jina. Hamisi huyo huyo alipata gunia la dagaa lisilojulikana la nani, akajaza "Hakuna." Kule Igunga wakala akasimama juu ya lori akaita, "Bwana Hakuna! Mzigo wa Bwana Hakuna!" Bwana mmoja akanyoosha mkono, akasema ndiye, akaondoka na dagaa zake kichwani. Hata leo sijui niseme aliiba au alipokea. Palipo patupu, sema wazi kwamba ni patupu.

Jambo jingine, kisha nitapumzika kidogo. Usiseme yote unayoyajua. Mwalimu mmoja aliletewa redio, nasi kwa kiherehere tukaandika kwenye lebo kwamba ni redio mpya, na betri zake zimo. Boksi lilifika. Lilikuwa jepesi. Lebo inasomwa na kila anayepita, hata yule ambaye hukumwandikia. Nasikia siku hizi kuna watu wanaiacha kompyuta itaje nywila za wenzao kwenye kumbukumbu za makosa. Ni redio ile ile.

Nimerudi. Niliacha kuandika tangu jana mchana, goti.

Sasa Ndugu Anatoli. Siku zile ofisini wote tulikuwa ndugu, mkubwa na mdogo. Aliletwa kuwa meneja wetu, kijana wa kutoka Bukoba, mchapakazi, anafika kabla ya mfagizi. Alikuta malori yanasubiri. Na kweli yalikuwa yanasubiri, kwa sababu Mzee Mrisho alikuwa amefika mahali lebo zake zinakuwa ndefu kama utenzi wa harusi. Kwa beseni moja anakueleza mpaka lilivyopinda na linavyolia ukiligonga. Ndugu Anatoli alitukusanya, akasema kwa upole kwamba lori halisubiri mashairi.

Alikuwa na haki. Hilo nalo mlijue, mstari wa kujitaja ukizidi urefu hakuna anayeusoma.

Dawa yake ilikuwa namba. Akapaka herufi kwenye rafu na tarakimu kwenye kila nafasi. Mzigo ukifika, lebo ya huko ulikotoka inavuliwa isituchanganye, mzigo unawekwa nafasi yake, na mwenyewe anatumiwa hati fupi: "Sanduku, C/14." Basi. Akija na hati, unakwenda C/14, unambebea. Lebo zetu tukazifungia kwenye debe. Hata Mzee Mrisho alifurahi, vidole vilikuwa vinamuuma. Namba ni tamu kwa sababu haikudai ukitazame kitu. Kwa miezi kadhaa malori yaliondoka mapema na sisi tukapata muda wa kucheza bao.

Kisha masika yakaja, na mabati ya paa yakafumuka upande wa chini. Maji yalishuka juu ya rafu. Tulikimbiza kila kitu kwenye banda la jirani, la tumbaku, yeyote anabeba chochote, na paa lilipotengenezwa tukarudisha vile vile, yeyote popote. Ndipo tukagundua tulichokuwa tumekifanya. Namba zilikuwa kwenye rafu, hazikuwa kwenye mizigo. Hati zilizokwisha kwenda kwa watu zilielekeza mahali, na mahali pale sasa palikuwa na kitu kingine. Mizigo yenyewe ilikaa kimya. Hakuna hata mmoja uliofundishwa kujitaja.

Vyakula na baiskeli tulivipata, wenyewe walivijua kwa macho. Taabu ilikuwa masanduku ya bati. Watu wetu waliokwenda kukata mkonge Tanga walinunua yote kwa mafundi wa namna moja, ya bluu, yamefungwa kwa kamba ya katani, na yalijipanga ukutani mwetu kama ndugu wa tumbo moja. Tukaweka kanuni: mwenye sanduku aseme kilichomo, tulifungue mbele ya shahidi, kikilingana achukue. Wengi waliondoka hivyo. Na kanuni ya zamani ilikuwa pale pale, kwamba kisichodaiwa hupigwa mnada. Mnada ulikuwa Jumamosi.

Bi Nyamizi alifika Alhamisi. Ilikuwa mara yake ya pili. Mara ya kwanza alikuja na hati yake ya C/14, Hamisi akampeleka, wakakuta gunia la maharage, akarudi Lusu mikono mitupu. Mwanawe, Masanja, aliondoka kwenda Tanga hajaota ndevu. Huko akaugua muda mrefu, na alipoona haponi alifunga sanduku lake mwenyewe, akawaomba wenzake wa kambini walipeleke kwa mama. Walimzika huko huko. Kaburi lake mama hakuliona na hakutegemea kuliona. Lililobaki ni sanduku.

Mzee Mrisho alimwamkia Kinyamwezi, "Mwangaluka mayo," akaitikia, akaketi sakafuni karibu na mlango. Alikuwa na furushi la michembe, viazi vyake vya kukausha, chakula cha njiani. Akatuambia safari hii haondoki. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba mvua inanyesha.

Ndugu Anatoli alitoka ofisini, akachuchumaa mbele yake, akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, baba."

"Mama, ndani ya sanduku kuna nini?"

"Sijui. Mimi nilimwona alipoondoka. Alikuwa na shati na kisu."

"Lina alama yoyote?"

"Sijaliona hata siku moja."

Hamisi akaninong'oneza kwamba kwa majibu hayo hata yeye angeweza kulidai. Mzee Mrisho akamkanyaga mguu, taratibu, bila kumtazama.

Meneja alibaki pale pale amechuchumaa. Mimi nilidhani anatafuta maneno ya kumrudisha, na niseme kweli sikuona atakachofanya kingine. Kumpa sanduku lolote ni kumnyima mama mwingine. Kutompa ni kuliacha la mwanawe lipigwe nyundo Jumamosi, auziwe mtu wa kuhifadhia unga. Uso wa kijana yule ulikuwa umechoka kwa siku moja kuliko wetu kwa mwaka. Kisha nikaona haangalii tena uso wa mama. Anaangalia furushi la michembe.

"Mama, huo mzigo kaufunga nani?"

"Mimi."

"Mbona kamba haina mwisho?"

Bi Nyamizi akaligeuza furushi, kama mtu anayeulizwa kwa nini ana pua. Akasema ndivyo wanavyofunga kwao. Mkwewe alikuwa mpagazi, alimfundisha mumewe, mumewe akaifundisha nyumba nzima. Kamba inazunguka mara mbili, inajipita, kisha mkia wake unarudishwa chini na kufichwa. Mzee Mrisho akaitikia kwa kichwa. Alisema hata babu yake alisimulia hivyo, kwamba katika msafara kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kumalizia kamba, ili alfajiri, kabla hakujapambazuka, mtu apapase rundo la mizigo na ajue wake.

"Na Masanja?" akauliza meneja.

"Alikuwa anafunga kuni tangu yuko hivi," akasema, akaonyesha kimo kwa mkono.

Tulikwenda naye ukutani. Hakutazama rangi, hakutazama kufuli. Alipita akipapasa kamba. Karibu zote mikia yake ilichomoza nje kama masikio ya mbuzi. Katikati ya safu akasimama. Mkono wake ulirudi nyuma, ukapita tena pale pale.

"Hili."

Ndugu Anatoli alilivuta mwangani, akaweka furushi la michembe pembeni yake, akainama, akatazama fundo moja na jingine. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kujidanganya.

"Mama, yanafanana. Lakini hili limegeuka. Mkia wako umeingia kulia, huu umeingia kushoto."

"Alikuwa mashoto," akasema Bi Nyamizi. "Baba yake alimchapa aache, hakuacha. Fundo ni la baba yake. Mkono ni wake."

Ninyi mnaofundishwa mambo ya kurithi na kuandika upya, isomeni sentensi hiyo mara mbili. Mimi nilihitaji miaka.

Kulikuwa bado na kanuni, kufungua mbele ya shahidi. Mashahidi tulikuwepo. Fundo la namna ile ukivuta mkia linafunguka lote mara moja, ndiyo sifa yake, na meneja alikwisha kuupata mkia kwa kidole. Bi Nyamizi akaweka kiganja chake juu ya mkono wa kijana.

"Usivute, mwanangu. Hilo kalifunga mwenyewe. Mkilifungua, nitarudi Lusu na bati tu."

Nje, kichwa cha treni kilikuwa kinabadilisha mabehewa, vyuma vinagongana. Ndugu Anatoli alitoa kidole chake polepole kama mtu anayemtoa mtoto kwenye mgongo wa mama yake bila kumwamsha. Akasimama, akaniambia nilete debe la lebo.

Baadaye tulikuja kuweka vyote viwili, namba kwenye rafu kwa ajili ya haraka zetu, na lebo kwenye mzigo kwa ajili ya mzigo wenyewe, fupi, yenye yale yasiyobadilika hata kitu kikihamishwa. Ulikuwa utaratibu mzuri na nilikaa nao mpaka nikachoka nikaenda zangu kwingine. Lakini siku ile ilikuwa lebo moja tu. Nikapuliza vumbi, nikalowesha kalamu, nikamuuliza meneja niandike nini.

"Usiniulize mimi," akasema, akasogea.

Nikamuuliza mama. Alisema mengi. Alisema jinsi Masanja alivyokuwa anacheka, na ng'ombe aliowachunga, na homa iliyomkosakosa utotoni. Lebo ni ndogo. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikafanya kazi niliyofundishwa, nikabakiza lile tu ambalo mtu asiyemjua Masanja atalihitaji. Nikamsomea. Akasema, sawa.

Lori la Nzega liliondoka alasiri, limejaa magunia, na juu ya magunia watu. Utingo alipokea kila kitu kwa kusoma lebo kwa sauti ili dereva asikie. Akasoma sufuria, akasoma mashine ya kushonea. Kisha tukamwinulia lile, akaishika lebo, akasoma:

"Sanduku la bati, bluu. Kamba ya katani, fundo la mkono wa kushoto, mkia umefichwa. Kalifunga Masanja. Linakwenda Lusu kwa mama yake. Lisifunguliwe njiani."

Akamtazama Bi Nyamizi aliyekuwa anapandishwa nyuma, akaelewa. Hakulirusha juu kama mengine. Alilipandisha kwa mikono miwili. Na wale waliokaa juu ya magunia, ambao hawakuwahi kumwona Masanja wala kusikia habari zake, wakaanza kusogea. Mzee mmoja aliyekuwa amejinyoosha akakunja miguu yake, wakaliachia sanduku nafasi ya mtu.